Bia, waini na kokteli: kwa nini ya nyumbani haifanani na ya baa na chupa ni ile ile

Dada mmoja kaniandikia, nafupisha kidogo: "Napenda sana bia za kraft, zile za viwanda vidogo, hasa IPA, napenda waini nyekundu na siku hizi nimenogewa na kokteli ya Negroni. Nikitoka na marafiki nafurahia kabisa, ila nikinunua vitu vile vile nikanywa nyumbani sipati ile ladha. Bia inakuwa na harufu mbaya, waini inachoma pua, Negroni ndo usiseme, inakuwa kama dawa ya kikohozi. Bia nazipanga kwenye shelfu sebuleni karibu na dirisha manake zinapendeza, waini iko juu ya friji, vemuthi ya kuchanganyia Negroni niliifungua siku nyingi iko kabatini na chupa zingine. Je nihamie brand za bei ya juu, au ninunue vile vifaa vya watu wa kaunta? Au ni mimi tu na mawazo yangu?"

Dada yangu, wala si mawazo yako, na hela yako usiiguse kwanza. Umeniambia bia iko dirishani, waini iko juu ya friji na vemuthi iko kabatini, basi kwa hayo matatu tu jibu umeshanipa mwenyewe. Watu wengi wanachukulia kwamba kikishakuwa na pombe na kimefungwa kwenye chupa basi hakiharibiki, kinakaa tu kinakusubiri, na hiyo ni kweli kwa pombe kali kama jini na wiski lakini kwa bia na waini si kweli hata kidogo, hivi ni vitu vya kuharibika vinavyotaka kutunzwa dhidi ya mwanga, joto na hewa. Baa nzuri inachokuzidi ni huo utunzaji tu, plus barafu ya kutosha, na barafu ntaiongelea kwa kirefu manake ndo inayopuuzwa kuliko vyote.

Tuanze na bia. Ile harufu mbaya unayoisema ni kazi ya mwanga. Uchungu wa bia unatoka kwenye hopsi, yale maua wanayochemsha pamoja na kimea, na IPA ndo bia iliyojazwa hopsi kuliko karibu zote. Sasa mwanga ukiingia ndani ya chupa, ile vitamini B2 iliyomo kwenye bia inaunyonya na kusababisha vile viungo vichungu vya hopsi vivunjike, alafu vipande vyake vinaungana na salfa vinatengeneza kitu chenye harufu ya jamii moja na ile anayoitoa kicheche akitishwa. Na pua ya binadamu inainasa hata ikiwa kidogo kupita kiasi. Jua la moja kwa moja linafanya hiyo kazi ndani ya dakika chache, taa za mirija mirefu zinachukua muda zaidi ila zinafika palepale. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya huo mwanga, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe ndo haizuii kitu, na kopo linazuia wote. Ndo maana siku hizi watengenezaji wengi wa kraft wamehamia kwenye makopo, na mtu anayedharau kopo akidhani ni bia ya daraja la chini anajinyima mwenyewe. (Utajiuliza mbona kuna bia zinauzwa kwenye chupa nyeupe na hazinuki, jibu ni kwamba baadhi ya viwanda vinatumia dondoo ya hopsi iliyobadilishwa kikemia ili mwanga usiiguse.)

Kwa hiyo bia zitoe dirishani leo. Ziweke kwenye friji zikiwa zimesimama, au kama friji imejaa basi mahali pa giza na pa baridi kuliko pengine pote ndani ya nyumba.

Alafu kuna suala la umri. IPA inanywewa ikiwa changa, yale mafuta ya hopsi yanayokupa harufu ya maembe, machungwa au majani ya msonobari yanapotea haraka sana, na kwenye joto yanapotea haraka zaidi, matokeo yake unabaki na uchungu mtupu na utamu wa kimea uliozubaa. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi iko chini ya kopo au shingoni mwa chupa, ikiwa imepita miezi 3 mi siinunui hata waishushe bei, na nikikuta dukani imepangwa nje ya friji naangalia hiyo tarehe mara mbili. Ila hiyo sheria si ya bia zote, imperial stout, barley wine na lambic zinaweza kukaa miaka gizani na zikazidi kunoga, hizo zina pombe nyingi au uchachu unaozilinda.

Baridi nayo ina kipimo chake. Friji ya nyumbani iko kwenye digrii 4 hivi, hiyo inafaa lager nyepesi unayotaka ikukate kiu, lakini IPA inajifungua kwenye 7 hadi 10, na stout nzito kwenye 10 hadi 13. Ulimi uliogandishwa hauonji utamu, na harufu hazipandi kwenye kinywaji kilichopoa mno, kwa hiyo toa IPA kwenye friji iache mezani dakika 10 au 15 kabla ya kufungua, stout iache nusu saa. Glasi zilizogandishwa kwenye friza achana nazo kabisa, zinapooza bia kupita kiasi na vile vibarafu vya ukutani vinayeyukia ndani na kuifanya itoe povu hovyo.

Na tafadhali mimina kwenye glasi! Ukinywea chupani pua yako haipo kwenye shughuli, na zaidi ya nusu ya raha ya bia ya kraft iko puani. Inamisha glasi, mimina taratibu ubavuni, ikifika nusu isimamishe umimine katikati upate povu la kama vidole viwili. Glasi iwe haina mafuta wala sabuni, manake mafuta yanaua povu palepale, utaijua chafu ukiona mapovu madogo yameng'ang'ania kwenye kuta chini ya bia badala ya kupanda. Umbo la glasi watu wanalikuza sana, ikiwa inabana kidogo kuelekea mdomoni inatosha, usijaze kabati.

Waini. Juu ya friji ni moja ya sehemu mbaya kabisa ndani ya nyumba, joto la mashine linapanda huko usiku na mchana na mtikisiko haukatiki. Waini iliyokaa kwenye joto kwa wiki nyingi inapoteza ladha ya matunda inabaki imechoka, ina harufu ya matunda yaliyochemshwa, na hiyo hairudi tena hata uipoze namna gani. Lakini hata kama hiyo yako haijafika huko, ile kuchoma pua inatokana na kuinywa ikiwa ya moto mno. Kuna huu usemi kwamba waini nyekundu inanywewa kwenye joto la chumba, na watu wanaufuata bila kuuliza ni chumba gani, ulitokana na nyumba za zamani za Ulaya za mawe zisizo na mitambo ya kupasha joto kama ya sasa, ndani kulikuwa kwenye digrii 16 hadi 18 tu. Sebule yenye digrii 27 inaifanya pombe iruke kwanza kabla ya kitu kingine chochote na ndo inayokupiga puani. Weka chupa ya nyekundu kwenye friji saa moja au zaidi kidogo kabla ya kunywa, ukitaka iwe kati ya 15 na 18, zile nyekundu nyepesi kama Beaujolais ziende mpaka 12 au 13. Nyeupe kinyume chake, watu wanaigandisha mpaka haina harufu, itoe kwenye friji robo saa kabla. Zenye mapovu ndo ziwe baridi kweli, 6 hadi 8. Ukiwa na haraka usitegemee friza, chukua ndoo, weka barafu na maji nusu kwa nusu na chumvi kidogo, chupa inapoa ndani ya robo saa au dakika 20, maji yanaigusa chupa pande zote wakati barafu peke yake bila maji inaigusa hapa na pale tu.

Ikishafunguliwa, hata iwe nyekundu, ifunge urudishe kwenye friji, una siku 3 mpaka 5. Hewa inaifanya kwanza inuke kama tofaa lililopondeka alafu inaelekea kwenye siki. Njia ninayoiamini kuliko pampu zote wanazouza ni kuwa na kachupa kadogo kasafi, ukifungua chupa kubwa na unajua hutaimaliza basi palepale jaza hako kadogo mpaka juu kabisa pasibaki hewa, funga, weka kwenye friji. Inakaa vizuri zaidi kuliko nusu chupa iliyozibwa. Na zenye kizibo cha gome zilaze wakati wa kuzihifadhi ili kizibo kisikauke, zenye kifuniko cha kuzungusha zisimamishe tu hazina neno, na hicho kifuniko hakimaanishi waini ni mbovu, New Zealand na Australia wanafungia hata waini zao nzuri sana.

Haya sasa Negroni, yaani jini, vemuthi nyekundu na Campari (ile pombe nyekundu chungu ya Kiitalia) kwa kipimo sawa, hapa ndo nataka ukae vizuri.

Kwanza vemuthi. Vemuthi ni waini, imewekewa mimea na pombe kidogo ikafika asilimia 15 hadi 18, kwa hiyo inaharibika kama waini, polepole zaidi lakini inaharibika. Iliyokaa kabatini miezi mingi imefunguliwa ni siki yenye sukari, na kwenye Negroni ni theluthi nzima ya kinywaji, unategemea nini? Nunua chupa ndogo ya mililita 375, andika tarehe uliyoifungua, iweke kwenye friji, imalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukipata mpya onja kijiko kimoja kisha onja kijiko cha ile ya kabatini, hutahitaji maelezo yangu tena. Jini na Campari ziache kabatini, pombe na sukari zilizomo zinazitunza.

Pili, maji. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji wake aliyeuliza kokteli ni kitu gani, likasema ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na machungu ya mitishamba. Ona maji yametajwa kama kiungo, sawa na vile vingine! Leo hayo maji yanatoka kwenye barafu inayoyeyuka unapokoroga au kutikisa, na kokteli nzuri ikifika kwenye glasi inaweza kuwa na karibu robo ya ujazo wake ni maji. Piga hesabu ya Negroni yako, jini 30, Campari 30, vemuthi nyekundu 30, hapo una mililita 90 zenye nguvu ya kama asilimia 27, ni nzito, tamu, chungu, ndo hiyo dawa yako ya kikohozi. Ukiikoroga sawasawa inaongezeka kama mililita 25 hadi 30 za maji na nguvu inashuka mpaka kama 21, na hapo ndo chungwa linatokea, mimea inatokea, uchungu unatulia. We bila shaka ulimimina kwenye glasi ukadondosha vipande viwili vya barafu ukaanza kunywa, sasa mdomo wa kwanza ni mkali na wa mwisho ni maji ya rangi, katikati hukupata muda.

Na hapa watu wengi wanaogopa barafu wakidhani barafu nyingi ndo inaleta maji mengi. Ni kinyume. Barafu inapooza kwa kuyeyuka, kule kuyeyuka ndo kunakovuta joto, kwa hiyo vipande viwili vitajiua vyenyewe kujaribu kupooza glasi nzima na bado kinywaji kitakuwa vuguvugu, wakati barafu iliyojaa inagawana kazi, kila kipande kinayeyuka kidogo, kinywaji kinashuka chini ya sifuri haraka alafu kuyeyuka kunapungua sana. Jaza barafu mpaka juu. Na itoke kwenye friza muda huohuo unapoitumia, iliyokaa kwenye bakuli mezani nusu saa ina maji juu yake tayari, inakuharibia kipimo kabla hujaanza. Pia barafu inanyonya harufu za friza, ikikaa na samaki na vitunguu miezi miwili kokteli yako itaonja hivo hivo, tengeneza mpya na uihifadhi kwenye mfuko uliofungwa.

Kwa hiyo Negroni fanya hivi, weka vile vitatu kwenye glasi kubwa au hata jagi, jaza barafu, koroga kwa kijiko kirefu sekunde 30 bila kupiga kelele nyingi, barafu izunguke tu. Onja. Kama bado inakukaba koo ongeza sekunde 10, kuonja katikati si ushamba, mafundi wenyewe wanaonja kila siku. Chuja kwenye glasi nyingine yenye kipande kimoja kikubwa cha barafu, kikubwa kinayeyuka taratibu kwa sababu eneo lake la nje ni dogo ukilinganisha na uzito wake. Mwisho kata kipande cha ganda la chungwa, likunje juu ya glasi upande wa rangi ukiangalia kinywaji ili mafuta yake yarukie juu. Usiliruke hilo ganda, nusu ya harufu ya Negroni iko hapo.

Kokteli za ndimu zinataka kutikiswa badala ya kukorogwa, manake juisi na shira ni nzito zinahitaji kupigwa na kuingizwa hewa. Jifunze moja tu, daiquiri, ukiiweza umeweza jamii nzima: ramu nyeupe 60, juisi ya ndimu 25, shira 20, tikisa kwa nguvu na barafu iliyojaa sekunde 12 hadi 15 mpaka chombo kishike ukungu nje, chuja kwenye glasi iliyopozwa. Shira ni sukari na maji kipimo sawa, ikae kwenye friji wiki mbili tatu. Ndimu kamua siku ileile, ya chupa ya dukani itakupa uchachu wa betri na hakuna ramu ya kuuficha. Ndimu hazilingani ukali, kwa hiyo ikiwa kali sana ongeza mililita 5 za shira, hizo 5 zinasikika kabisa mdomoni ndo maana kukisia kwa jicho hakufai.

Umeuliza vifaa. Nunua kikombe cha kupimia chenye alama za mililita na trei ya silikoni ya barafu kubwa, basi. Chupa ya plastiki yenye mdomo mpana au mtungi wa jemu wenye kifuniko cha kukaza unatikisia vizuri kabisa, kichujio cha chai kinachuja. Brand ya juu sikushauri sasa hivi, kwa sababu jini ya kawaida yenye vemuthi mpya na barafu nyingi inaishinda jini ghali iliyochanganywa na vemuthi iliyokufa, kila siku.

Kabla sijafika kwenye kutoka, naomba uangalie namba ya asilimia kwenye lebo, hili nalisema kwa kujali. Bia ya mililita 330 ya asilimia 5 ina mililita 16.5 za pombe tupu. Stout ya asilimia 10 ya ujazo uleule ina 33, ni bia mbili kwenye kopo moja na inateremka kama maziwa. Glasi ya waini ya 150 yenye asilimia 13 ina kama 19 na nusu, na hiyo Negroni moja karibu 24. Kwa hiyo "nimekunywa mbili tu" haimaanishi kitu mpaka useme mbili za nini. Stout nzito mgawane watu wawili, weka maji mezani unywe kati ya glasi na glasi, kula kwanza, na ukiwa na gari liache. Mwili unaondoa kama mililita 10 za pombe kwa saa, hakuna kahawa wala kuoga kunakoharakisha.

Ukitoka sasa, tumia haya haya kuchagua. Kwenye bia za bomba uliza ipi inatoka haraka na pipa la ipi limeunganishwa karibuni, agiza hiyo, pipa lililokaa wiki kadhaa linachosha hata bia nzuri. Omba kuonja kidogo kabla, baa za kraft zimezoea. Ikija inanuka siagi au siki wakati haitakiwi kuwa hivo, mara nyingi ni mirija haijasafishwa, inatakiwa isafishwe angalau kila wiki mbili, na kama bia mbili tofauti zina kasoro ileile hamia kwenye makopo. Kaunta ya kokteli nenda ukaangalie vemuthi inakaa wapi, ukiiona imetoka kwenye friji tulia uagize, ukiiona imepangwa juu kwenye mataa na vumbi agiza jini na toniki.

Na waini kwa glasi, uliza chupa imefunguliwa lini, ni swali la kawaida wala si la kukera. Kwa chupa nzima, ile kidogo wanayokumiminia kwanza wanataka uhakikishe haijaharibika, hawakuulizi kama umeipenda. Inusie kwanza kabla ya kuonja, ukikuta harufu ya boksi la karatasi lililoloana au stoo yenye unyevu na matunda hayasikiki kabisa basi ni ule ugonjwa unaotokana na kizibo, haudhuru afya lakini waini imekufa na haitafufuka kwa kusubiri, mwambie mhudumu kwa upole "naomba unisaidie kunusa hii, naona ina harufu ya kizibo", akinusa mwenyewe kwa kawaida analeta nyingine bila mabishano.